Kwenda shambani kuchuma matufaha na maboga huku Minnesota: nenda Septemba, nenda kuvuna

Kila mwaka Agosti ikiisha naanza kuulizwa swali lile lile na watu waliohamia huku jimbo la Minnesota, Marekani, karibuni, eti hayo mashamba ambayo watoto wakitoka shule wanayaongelea, ya kuchuma matufaha na maboga, mtu anaendaje, analipia nini, alafu akishafika anafanya nini huko. Bas nimeamua niyaandike yote sehemu moja. Mimi kwetu ni Lushoto, matufaha na mapeasi nimekua nayaona, lakini shamba la huku lina taratibu zake, na mara ya kwanza tulivyoenda tulikosea wiki, tukakosea viatu, tukarudi na maboga mawili makubwa mazuri kwa macho ambayo kumbe hayapikiki yakawa matamu.

Tuelewane kwanza kwenye neno vuli. Vuli ya kwetu ni mvua, Oktoba mpaka Desemba. Vuli ya huku ni majani kubadilika rangi na kupukutika, Septemba mpaka mwanzo wa Novemba, na ikiisha ndo imeisha, theluji inaingia na hutakaa nje na watoto kwa raha mpaka Aprili. Ndo maana wenyeji wanaikimbilia sana. Yale majani ya njano mnayoyapiga picha, hiyo njano ilikuwemo ndani ya jani muda wote, ni ya jamii moja na rangi ya karoti, ila kijani ilikuwa imeifunika. Siku zikifupika mti unaacha kutengeneza kijani na njano inajitokeza. Huko kaskazini karibu na Duluth rangi zinaiva mwisho wa Septemba, huku Minneapolis na Saint Paul ni kwenye katikati ya Oktoba.

Sasa hapo ndo watu wengi wanapokosea. Wanaona picha za majani mekundu na maboga wanasema twende Oktoba katikati, wote siku moja, wanakuta foleni ya magari mpaka barabara kuu na miti mingi ya matufaha imeshachumwa yote. Ushauri wangu mkubwa nauweka hapa mwanzoni: nenda mapema na nenda kwa ajili ya chakula. Ukienda kuvuna utapata na picha, ukienda kupiga picha tu utarudi na picha na risiti.

Kila aina ya tufaha ina wiki zake. Zestar inaiva mwisho wa Agosti na mwanzo wa Septemba, ina utamu na uchachu kidogo. Honeycrisp ndo kila mtu anaitaka, na hii ni ya katikati mpaka mwisho wa Septemba, ikifika Oktoba mashamba mengi yanakwambia imeisha kwenye miti, imebaki ya dukani kwao. Haralson inakuja mwisho wa Septemba kuingia Oktoba, ni chachu, ngumu, na mimi ndo ninayoipenda kuliko zote, sababu ntaieleza mbele. Na msizichukulie kawaida hizi aina, zimezaliwa hapa hapa, Chuo Kikuu cha Minnesota kimekuwa kinazalisha matufaha ya kuvumilia baridi kwa zaidi ya miaka mia, Haralson ilitolewa 1922, na Honeycrisp ilianza kwa kuchavusha ua mwaka 1960 ikaja kutolewa kwa wakulima 1991. Miaka 31 kungoja tunda moja! Mwaka 2006 likafanywa tunda rasmi la jimbo. Ukiling'ata linavyovunjika mdomoni, kri, ni kwa sababu chembe zake za ndani ni kubwa kuliko za matufaha mengine, zinapasuka na kumwaga maji badala ya kuachana tu kama unga.

Kwa hiyo kabla hujawasha gari, piga simu shambani au angalia tangazo lao la siku hiyo, uliza maneno mawili: leo inachumwa aina gani, na je ni kuchuma mwenyewe au ni kununua yaliyochumwa. Mashamba mengine yana miti kabisa lakini hawaruhusu wageni kuchuma, unafika na watoto wamebeba vikapu unaambiwa nenda dukani. Uliza pia kama kuna kiingilio na kama tiketi inakatwa kabla, kwa sababu siku hizi shamba linaweza kukata tiketi kwa saa, alafu matufaha unalipa mbali, mzingile wa mahindi (njia za kupotea zilizokatwa ndani ya shamba la mahindi) mbali, kulisha mbuzi mbali. Familia ya watu sita hiyo hela inapanda haraka. Mimi huwa natafuta shamba dogo la familia lisilo na mabembea wala maputo, unalipia ulichochuma bas.

Siku nzuri ni katikati ya wiki jioni, au Jumamosi wanapofungua tu, saa tatu au saa nne asubuhi. Jumapili mchana baada ya ibada ndo wote tunatoka, wazungu na sisi, epuka. Na kuna ile Alhamisi na Ijumaa ya wiki ya tatu ya Oktoba ambayo shule za Minnesota zinafungwa, wenyewe wanaita wikiendi ya MEA, siku hizo kama huna lazima kaa nyumbani upike.

Nguo. Asubuhi inaweza kuwa nyuzi 5 za Selsiasi na saa nane mchana ikawa 20, kwa hiyo vaa juu juu, fulana, sweta, koti jepesi, unavua moja moja. Viatu vya kufunga ambavyo hujali vikichafuka, buti za mvua kwa watoto ndo bora, maana asubuhi nyasi zina umande na kama ilinyesha juzi shamba la maboga ni tope la kuvuta kiatu. Suruali ndefu hata kama kuna jua, sababu kupe wa paa wa huku anarudi tena Oktoba, wengi wanadhani ameisha na kiangazi, mkirudi nyumbani wakague watoto nyuma ya masikio na makwapani. Nyigu nao Septemba wanakuwa wakali na wanapenda utamu, mtoto akishika kikombe cha juisi mfunikie. Kama kuna mtu kwenu mwili unamvimba akiumwa na nyigu hakikisha dawa yake ya sindano iko kwenye pochi, sio kwenye gari. Beba keshi kidogo, tishu zenu, maji, na mifuko ya ziada ya kurudishia viatu. Mbwa aache nyumbani, mashamba mengi hawamruhusu kwenye miti ya chakula.

Kama una mzee, usimwache. Hili nalisema kwa uzito. Wazee wanaokuja kututembelea huku wanakaa ndani wiki nzima mbele ya tivii, sisi tuko kazini, hawana jirani wa kumpigia hodi, na shamba ndo mahali pekee huku ambapo wao wanajua zaidi kuliko sisi. Mama yangu alivyokuja tulimpeleka mwisho wa Septemba. Alishuka kwenye gari kimya, akainama akashika udongo, akausugua kwa vidole, akaanza kuuliza maswali na hakunyamaza mpaka tunaondoka. Aliuliza kwa nini miti ya matufaha mifupi hivi, mwenye shamba akamweleza imeunganishwa kwenye shina la aina fupi ili mtu achume akiwa amesimama chini, mama akasema aa, kubebesha, tunabebesha hata sisi, na wakaenda wenyewe kukagua kovu la pale chini ya shina na mimi natafsiri. Akaambiwa pia kwamba baridi kali ikipiga mwezi wa tano maua yakiwa yamefunguka mavuno ya mwaka yanapotea usiku mmoja. Mama alimpa pole kama amefiwa. Nilikuwa sijamwona amechangamka hivo tangu afike. Kwa hiyo piga simu uulize kama yale matela ya nyasi kavu yanayovutwa na trekta yana ngazi ya kawaida au ni kuruka, beba kiti cha kukunja na blanketi, na ukienda katikati ya wiki mwenye shamba anakuwa na nafasi ya kuongea, wikiendi hawezi.

Mkifika, mnaenda kwanza kwenye kibanda cha kupimia, wanakupa mfuko na kukuonyesha mistari iliyo tayari. Mfuko wa kawaida unaitwa peki, unaingia paundi 10 mpaka 12, yaani kilo 5 hivi. Nusu busheli ni kama kilo 9, busheli nzima kilo 18 na zaidi kidogo. Familia ya watu wanne ambayo haijazoea matufaha anza na peki moja, kweli, mfuko unaonekana mdogo lakini ukifika nyumbani ni mengi. Ulizia pia kama unalipia mfuko au unalipia uzito, maana kama ni mfuko jaza mpaka juu, kama ni uzito chuma unachohitaji.

Kuchuma kwenyewe: usivute. Shika tufaha kwa kiganja chote, liinue juu na ulizungushe kidogo, kama limeiva linaachia lenyewe na kikonyo chake. Ukivuta kwa nguvu unang'oa na kijiti kifupi ambacho ndo kingezaa mwaka ujao, na tawi linatikisika yanaanguka mengine matano. Usitikise mti kama mwembe, na watoto wasipande, hii miti midogo matawi yanavunjika kirahisi. Chuma yale ya nje ya mti kwanza, yanapata jua zaidi yanatangulia kuiva. Rangi nyekundu peke yake isikudanganye, angalia ile rangi ya chini iliyo kati ya wekundu, ikiwa bado kijani kibichi liache, ikianza kuwa ya manjano ndo tayari. Liweke kwenye mfuko taratibu kama yai, likigongwa litaoza na kuozesha wenzake.

Kuonja mashamba mengi wanaruhusu, moja la kujua ladha, sio kula mpaka kushiba alafu ukapime mfuko nusu. Watoto wafundisheni hilo kabla ya kushuka kwenye gari. Na yaliyoanguka chini usiokote. Mama alihuzunika sana alivyoona matufaha yamelala chini kama mchanga, akaanza kuyakusanya kwenye kanga yake, ikabidi aelezwe kwa upole kwamba paa na wanyama wengine wanapita hapo usiku wanakunya, na tunda lililopasuka likigusa kinyesi huwezi kulisafisha kwa kuosha tu. Alielewa, ila alisema angekuwa na nguruwe wa jirani angewapelekea.

Jambo lingine ambalo watu wetu wanafanya, wanatunza mbegu za Honeycrisp wakapande nyumbani Njombe au Limuru. Haitaota Honeycrisp. Mbegu ya tufaha inatoa mti mwingine kabisa wenye tabia zake, mara nyingi tunda dogo na chachu, na ndo maana kila mti wa Honeycrisp duniani umebebeshwa. Alafu mbegu na miche kuvuka mpaka inahitaji vibali, usijitafutie matatizo uwanja wa ndege.

Kwenye duka la shamba utakuta saida ya matufaha. Huku Marekani saida ni juisi ya matufaha isiyochujwa, haina pombe, ya kilevi wanaiita kwa kuweka neno "hard" mbele yake kwa hiyo kama hunywi pombe soma chupa. Cha kuangalia zaidi ni kama imechemshwa kuua vijidudu. Tangu 1998 sheria inataka chupa ya juisi isiyotibiwa iwe na onyo, sababu watu waliugua kwa bakteria wa kinyesi cha wanyama walioingia kwenye juisi. Ikiwa na onyo usimpe mtoto mdogo, mjamzito wala mzee. Au nunua, fika nyumbani ichemshe na tangawizi na mdalasini, inakuwa tamu kweli na wasiwasi hakuna. Zile donati wanazokaanga hapo hapo ni nzuri zikiwa moto, ila kwa Waislamu uliza mafuta ni ya nini, sehemu nyingine wanatumia mafuta ya nguruwe, na soseji zao zinazouzwa pembeni nyingi sio halali. Mashamba mengine yanaruhusu uje na chakula chako, sisi tunabeba chapati, maharage na chai kwenye chupa, tunakula kwenye meza za nje.

Maboga sasa. Yale makubwa ya machungwa yaliyopangwa mbele ni ya kuchonga. Nyama yake ina maji na nyuzi, ukiipika inakuwa uji usio na ladha. Wewe uliza boga la pai, ni dogo, zito kuliko linavyoonekana, tamu. Na kama unataka ladha inayokaribia boga la kwetu, lile kavu linalovunjika kama kiazi kitamu, tafuta la kijani linaloitwa Buttercup au Kabocha, mara nyingi limewekwa pembeni na wenyewe wanalinunua kidogo tu. Chagua lenye kikonyo kigumu kilichokauka, usilibebe kwa kikonyo, kikikatika linaanza kuoza kwa pale. Gonga kwa ukucha, ganda lisiingie.

Majani ya maboga najua mtauliza, kila mtu anauliza. Oktoba mmechelewa, yanakuwa yameshakomaa, yana ukungu mweupe na baridi imeshayapiga, alafu hujui yamepuliziwa dawa gani lini. Nenda kwa mkulima mwezi wa saba, mwambie unataka vichipukizi vya maboga vya kula, muulize kuhusu dawa waziwazi. Atakushangaa kidogo, maana huku hayaliwi sana, lakini mimi niliomba nikapewa.

Mzingile wa mahindi watoto wanaupenda kuliko vyote. Wanapanda mahindi alafu wanakata njia yakiwa bado mafupi, mpaka vuli yanakuwa marefu kuliko mtu na umepotea ndani. Ule wa kwanza wa namna hii ulifanywa Annville, Pennsylvania, mwaka 1993, sasa umeenea nchi nzima. Piga picha ramani ya mlangoni, kubalianeni mkiachana mnakutana wapi, mvalishe mtoto nguo ya rangi kali, na stroller iache kwenye gari haipiti kwenye tope. Mahindi yenyewe ni ya mifugo, makavu, msiyavunje mkayachome.

Sehemu nyingine wana shimo lililojazwa punje za mahindi watoto wanarukia kama mchanga. Hapo sisi tuligawanyika. Watoto walitaka, mama alisema chakula hakichezewi, kuna watu wamelala njaa, akageuka akaenda kuangalia mbuzi. Mimi nilikaa upande wa mama na watoto nikawaeleza kwa nini, wakanung'unika kidogo tukaenda wote kwa mbuzi. Kila familia itaamua yake, ila liongeeni kabla hamjafika pale shimoni. Na mkishashika mbuzi na kuku mnaosha mikono kwa maji na sabuni, ile jeli ya mkononi haitoshi, ndipo mnakula.

Halloween, ile sherehe ya tarehe 31 Oktoba, nayo inawasumbua wengine, wa makanisani na wa misikitini. Mapambo ya mifupa na mizimu mashambani yanazidi Oktoba. Ukienda Septemba mapema mara nyingi hukutani nayo, ni miti na matufaha tu, hakuna mtu atakuuliza unasherehekea nini.

Mkirudi, matufaha yasikae kwenye bakuli mezani, huko yanalegea siku chache tu. Weka kwenye friji ndani ya mfuko wenye matundu, mbali na karoti na mboga za majani, yanatoa gesi ya etilini ambayo inafanya mboga zigeuke njano na karoti ziwe chungu. Usiyaoshe mpaka siku ya kula. Haralson zikitunzwa vizuri zinafika mpaka baada ya Krismasi. Na hii ndo sababu nazipenda: ikate vipande vyembamba, tia chumvi na pilipili ya unga, kamulia ndimu, ni embe bichi kabisa la kule mtaani, na kachumbari yake kwenye pilau hamtabakiza.

Boga la kula liweke mahali pakavu penye ubaridi kiasi, juu ya gazeti, sio sakafuni kwenye zege la besimenti lenye unyevu, linakaa mwezi na zaidi. La nje mlangoni likishaganda usiku mmoja limekwisha, halipikiki tena. Siku ya kupika kata vipande na ganda lake, panga kwenye sufuria ganda likiangalia chini, maji kidogo sana maana lina maji yake, chumvi, funika mpaka liive. Mimina kopo moja la tui, sukari vijiko viwili kama ni boga la pai, kama ni Buttercup kijiko kimoja kinatosha, hiliki uliyotwanga, moto mdogo bila kufunika na bila kukoroga, unatikisa sufuria tu, mpaka tui liwe zito lishike boga. Mbegu usitupe, zioshe, zikaushe, zikaange na chumvi kwenye kikaango kikavu, watoto watafune wakiangalia theluji ya kwanza.